Lami Isiyotaka Kupasuka

Jumatatu, 3 Juni
Bado! Nimeshinda kwenye kiti cha mtambo wa kujaribia lami — mbele, nyuma, mbele, nyuma — magurudumu ya ndege chini yangu, vyuma vizito juu yake. Kipande chetu cha njia ya ndege kimetulia kama hakijaguswa. Mume wangu ndiye aliyeichanganya lami hii. Ikivuka mwisho wa mwezi bila ufa, itamwagwa kwenye viwanja vikubwa vya ndege. Ikipasuka kabla, kazi yake ya miaka yote inatupwa. Anapita pembeni na tochi, anachekelea. Eti mke wangu, hii itabeba madege mpaka wajukuu wetu wazeeke. Wajukuu! Mimi nataka likizo tu. Na likizo ni mpaka jaribio liishe.

Jumatano, 5 Juni
Mdogo wangu kapiga simu. Mimba imefika mwisho, miguu imemvimba, daktari kataka alazwe. Dada, uliniahidi utakuwepo nikijifungua. Mama hatunaye, mumewe yuko safarini — nani wa kumshika mkono? Nikaenda kumwomba ruhusa mkuu wa jaribio, yaani mume wangu huyohuyo. Kasema dreva mwenzangu aliyevunjika bado ana plasta mguuni, na mtambo ukisimama vipimo vyote vinaharibika. Vumilia kidogo. Kidogo!

Alhamisi, 6 Juni
Mbele, nyuma. Nyumbani hatukusemeshana. Kazini bosi, nyumbani bosi. Nitapumulia wapi?

Ijumaa, 7 Juni
Nimeanza kuiombea mabaya lami ya mume wangu. Mungu anisamehe. Pasuka basi!

Jumamosi, 8 Juni
Ufa! Mwembamba kama unywele, kwenye mkondo wa gurudumu la kulia. Moyo uliniruka kwa furaha — halafu nikamwona mume wangu usoni. Kapiga magoti, anaufuata kwa kidole. Hapohapo simu: mdogo wangu kaingizwa leba, ananililia, dada uko wapi. Nikazima injini.
Mume wangu akainua kichwa. Nani kakwambia uzime?
Nikamwambia imepasuka, mwenzangu, jaribio limekwisha. Naenda.
Akasema hilo ni vumbi tu. Washa. Akapangusa kwa kiganja. Ufa uko palepale. Akanitazama kama mtoto aliyevunjiwa kitu, sijawahi kumwona hivyo. Nakuomba, mke wangu, washa.
Nimekaa kwenye ngazi ya mtambo, mguu mmoja chini, naandika ili nisipige kelele. Simu inaita tena. Yeye kavua shati, anapangusia ufa uleule.