Vidonge Ndani ya Chupa ya Mizizi

Mshauri mpendwa, naomba msaada wako, na ukishanisaidia unigombeze, maana haya nimejitakia mwenyewe. Mimi ni fundi cherehani, nashonea chumba cha mbele cha nyumba ya baba mkwe wangu, ambaye ni seremala mstaafu na mtu ambaye hakuna anayembishia, na mwaka jana hospitali walimkuta na presha ya kutisha wakampa vidonge vya kila siku, lakini mzee alivitazama akasema, "Mimi silishwi chokaa," akaenda kununua mizizi, akawa anaichemsha mwenyewe na kuijaza kwenye chupa ya chai, chupa nzima kwa siku, na presha ikazidi kupanda mpaka akaanguka bafuni nikamkuta sakafuni.

Nikaona mzee atatufia huku tunamtazama kwa heshima. Nikaanza kuchukua kidonge kimoja kila asubuhi, nakisaga kwa kitako cha pasi ikiwa baridi, unga wake mweupe kama chaki yangu ya kuchorea vitambaa, nautia kwenye chupa, natikisa, mzee anakunywa na kusema leo mizizi imekolea, na huu ni mwezi wa tano sasa. Mume wangu ni dereva wa lori, hajui lolote. Baada ya mwezi mmoja wakampima mzee, presha imeshuka, akarudi nyumbani kifua mbele, na kadi ya hospitali akaipigilia msumari karibu na mlango ili kila mteja aisome kabla sijampima kiuno.

Hapo ndipo mambo yalipoharibika, kwa sababu fundi viatu wa jirani, ambaye naye ana presha, aliisoma ile kadi, akatupa vidonge vyake jalalani, akawa anakuja na kikombe chake mwenyewe. Nikafikiri, wakigawana kidonge kimoja hakuna atakayepona, nikatia viwili. Akaja na mke wake, nikatia vitatu, kama mtu anayeongeza sukari kwenye chai kwa kuwa wageni wamezidi. Vikiisha nanunua duka la dawa, na hakuna aliyewahi kuniuliza ni vya nani.

Wiki hii amekuja wifi yangu, ana mimba ya miezi saba, miguu imemvimba, na baba yake anamjazia kikombe kikubwa kwa sababu, anasema, wako wawili. Leo ni siku ya nne. Asubuhi alisimama akashika ukuta, akasema anaona kiza, na kwamba mtoto hachezi kama juzi. Nilitishika sana, na leo nimepunguza kidonge kimoja.

Naogopa, mshauri. Wifi hakunipenda tangu siku ya harusi na sasa ananiita dada, na mzee haruhusu mtu mwingine kushika chupa yake ila mimi. Nikisema, wataona nimewalisha sumu, na kweli nitakuwa nimewalisha. Naomba unieleze namna ya kuacha polepole bila mtu kujua.

Ni mimi, Fundi wa Chumba cha Mbele.

*

Fundi, namna hiyo haipo.

Ulivyoanza nakuelewa. Kumkuta mzee wako sakafuni, na dawa iko kabatini hataki kuimeza, ni mtihani, na wengi wanaonisikiliza wangefanya hivyo hivyo. Lakini ulipotia kidonge cha pili uliacha kuwa mkwe ukawa daktari, tena daktari ambaye hajawahi kumpima mtu kitu zaidi ya kiuno. Vidonge vile aliandikiwa mtu mmoja aliyepimwa. Vipo vya presha vinavyomdhuru mtoto aliye tumboni, na kama vyako vimo humo hujui, kwa sababu hukuuliza. Kisha unaniambia umepunguza kimoja.

Na nyinyi wasikilizaji mnaomcheka mzee, mizizi nayo ni dawa. Kuchimbwa ardhini hakuifanyi kuwa mboga. Ina nguvu yake na kiasi chake, na kiasi hicho hakuna aliyemwambia mzee, wala hakuna ajuaye inafanya nini ikikutana na kidonge. Figo haliulizi kama sumu imetoka shambani au kiwandani.

Kwa hiyo chupa hiyo asiinywe mtu tena, lakini usiimwage, iende hospitali pamoja na mizizi na pakiti ya vidonge. Fundi viatu na mkewe wakapimwe leo hii. Mzee naye usimkatishie dawa kienyeji. Aambiwe ukweli, kisha daktari aamue naye akisikia.

Ungekuwa umeniuliza habari za mchumba, barua yako ingesubiri zamu. Hii, uliyoiandika jana, nimeifungua leo saa mbili asubuhi, na saa mbili na dakika tano nikapiga namba ya ushonaji uliyoandika nyuma ya bahasha. Amepokea baba mkwe wako. Nimemwambia yote. Siri za barua naziheshimu, ila siwezi kuitunza siri huku mtoto anadhurika. Akanijibu kwamba yeye hajawahi kumeza kidonge. Nikamwambia amemeza kama mia na hamsini. Nikamsikia akimwambia binti yake avae viatu.

Sasa hivi wako hospitali. Moyo wa mtoto unasikika, lakini daktari hajaridhika nao, na anataka kujua ni vidonge gani hivyo ulivyonunua dukani, na tangu wifi yako aje umetia vingapi kwa siku. Hakuna anayeweza kumjibu. Mzee amenipigia tena kutoka huko, anasema wakati wanaondoka ulikuwa umejifungia chumba cha mbele, wamegonga hujaitika, ila redio imesikika ndani. Basi unanisikia. Chukua pakiti, fungua mlango, uende.