Shukrani Kaburini kwa Tove

Shemeji yangu Asta,

Matufaha ya dada yako yameiva, na paka amehamia kwenye kiti chake. Tulimzika Tove Jumamosi.

Unajua jinsi ugonjwa wa Parkinson ulivyoififisha sauti yangu. Kwa miaka minne Tove alirudia maneno yangu, hata kwenye simu zetu za Jumapili, ili watu wanielewe. Sasa ilinipasa kuwashukuru waombolezaji na kuwakaribisha kahawa bila yeye. Binti yetu Signe aliniambia, "Baba, nipe karatasi nisome mimi." Nikakataa. Sikutaka kumuaga mama yake kwa mdomo wa kuazima.

Mwalimu wangu wa matamshi amenizoeza kuvuta pumzi na kutoa sauti kama ninaita ng'ombe walio mwisho wa shamba. Basi nilisimama kando ya kaburi, nikavuta pumzi, nikaita: "Tove aliwapenda. Asanteni. Karibuni kahawa."

Jirani yetu Thorvald, yule mwenye masikio mazito, alikuwa nyuma kabisa, karibu na lango.

"Punguza sauti, Ejnar," akasema. "Mimi si kiziwi."

Signe alicheka huku analia, nami vilevile.

Nikikupigia simu Jumapili, shemeji, tutaongea wawili tu.

Ejnar wa Tove