Sauna ya Barafu ya Oskari

Saija, acha unachofanya usome. Oskari ameumbuka leo mbele ya darasa zima!

Unakumbuka Venla alivyolia wiki iliyopita? Ile programu yake ya kusoma joto kutoka kwenye vidude visivyo na waya, Oskari aliinakili yote, kisha akamwambia, "Dada, wewe nenda kachemshe kahawa." Na mwalimu anapeleka mmoja tu kwenye mashindano ya programu mjini Oulu.

Lakini Venla alijua mvivu yule hatabadilisha nambari ya kidude iliyoandikwa ndani yake, na programu itaendelea kusikiliza kidude cha Venla tu. Leo asubuhi akanipa kidude hicho, akaninong'oneza, "Ukimaliza kupiga deki, kitie kwenye friza ya walimu hapo chumba cha pili."

Nikakitia. Nikasimama mlangoni na ufagio wangu.

Oskari akashika kidude chake juu ya mvuke wa birika. "Hii ndiyo sauna ya babu yangu," anasema, kifua mbele. Kioo cha kompyuta kikaandika nyuzi kumi na nane chini ya sifuri.

Chini ya sifuri, Saija!

Mwalimu Raimo akamwuliza, "Babu yako anaoga humo, au anahifadhi samaki?" Darasa likaangua kicheko. Oskari anabofya, anabofya, hajui hata pa kugusa.

Venla akaenda kwenye friza, akarudi na kidude kiganjani. Wote wakaona joto linapanda kwenye kioo, mkononi mwake.

"Nambari ya kidude changu bado iko mstari wa nne," akasema. "Na kahawa iko tayari, kaka. Karibu."