Majani Mbele ya Mlango

Jumatatu, 12 Oktoba 2015
Nimetoka kazini depo, mgongo unauma. Nikakusanya majani yote mbele ya nyumba, nikajaza mifuko, nikaingia kunawa mikono. Kutoka tena, majani yamerudi mlangoni. Mama mkwe kayamwaga upya, na mifuko kaikunja vizuri. Nimekasirika sana.

Jumatano, 14 Oktoba
Baba Anitha ndiye aliyenieleza. Majani makavu yanapiga kelele. Mtu akikanyaga, mama anamsikia kabla hajafika. Kule kwetu milimani, waliomchukua baba mkwe walikuja kwenye nyasi zenye umande, hakuna aliyesikia hatua. Wakabisha hodi kwa adabu, nyuso zimefungwa vitambaa. Tangu siku hiyo mama hafungui mlango. Hata betri ya kengele ya mlango wa hapa kaitoa, kaificha sijui wapi.

Bon, sawa. Majani yakae. Mwenye nyumba akilalamika nitajua la kumwambia.

Jumapili, 18 Oktoba
Baada ya ibada tumepita bustani kubwa ya hapa mjini, ya Iroquois. Miti imewaka nyekundu na njano, macho yanauma. Anitha akajitupa kwenye majani, akajifukia mpaka shingoni. Mama aliokota jani moja pana, akalitia ndani ya Biblia. Nilifurahi, kweli.

Halafu ndani ya gari Anitha akasema kwa Kiingereza: Jumamosi ya mwisho wa mwezi ni Halloween, watoto wanavaa maski na kubisha kila mlango. Kila mlango! Yeye anataka kuwa nyuki. Mama hajui Kiingereza, asante Mungu. Furaha yangu ikaishia hapo.

Jumanne, 20 Oktoba
Usingizi umenikimbia. Giza, maski, hodi. Nani alibuni kitu kama hicho? Presha ya mama iko juu, daktari kasema asishtuliwe.

Nimempigia mdogo wangu wa Hilliard, kule Columbus, nikamwambia siku hiyo tunakuja kulala kwake. Akacheka mpaka nikamkatia simu. Kwao pia wanabisha. Baadaye akaniandikia: na mji wa Buffalo pia, dada, usihangaike kuuliza. Mshenzi yule.

Ijumaa, 23 Oktoba
Mama mmoja Mkenya tunayepakia naye mizigo depo kanipa dawa. Zima taa ya baraza, basi. Nyumba yenye giza hawabishi, ndiyo desturi yao. Mbona hakuna aliyeniambia mapema? Nimepumua. Pipi sinunui hata moja.

Anitha nimemwambia hapana. Mchungaji naye kakataza, donc, basi, yameisha. Akanijibu kwa Kiingereza na kubamiza mlango wa chumba. Kitenge changu cha njano hakionekani.

Alhamisi, 29 Oktoba
Jirani wa ng'ambo ya barabara kasimamisha mawe ya kaburi ya plastiki kwenye nyasi, na mkono wa mfupa unatoka chini. Mama kayaona dirishani. Kauliza nani amekufa. Nikasema ni michezo ya watoto. Hakuniamini, kaburi ni kaburi. Kanisema jioni nzima: tunaishi na watu wenye msiba na hatujaenda kukaa nao! Nimekuta kashafunga unga na sukari kwenye kitambaa, tupeleke kilioni. Nilitaka kucheka, nikashindwa.

Jumamosi, 31 Oktoba
Usiku umekwenda sana, naandika hivyo hivyo.

Baba Anitha yuko zamu ya jioni. Mchana nilikaanga mandazi ya kupeleka kanisani kesho. Giza lilipoanza nikazima taa ya baraza. Halafu nikazima na ya sebuleni, nikajiona mwerevu. Nikamnong'oneza Anitha anyamaze.

Mungu wangu. Kuzima taa na kunong'ona, ndivyo mama na watu wake walivyofanya usiku ule baba mkwe alipochukuliwa. Mama aliinuka. Akavaa viatu, akachukua blanketi na mfuko wa vyeti na karatasi zetu, akamvuta Anitha chini ya meza ya jikoni, akamziba mdomo kwa kiganja. Mtoto macho yamemtoka. Nje majani yanakanyagwa, miguu mingi. Watoto wale hawakuwa wamefanya lolote. Mimi ndiye niliyemrudisha kule.

Nikawasha taa zote, hata ya choo. Nikasema mama, ni watoto, njoo uone. Hakusogea. Akaendelea kuniashiria nizime.

Wakaona mwanga, wakabisha.

Anitha alichomoka chini ya meza, amejifunga kitenge changu cha njano, kakichora mistari myeusi. Kitenge cha harusi! Akafungua mlango kabla sijamkamata. Akawaambia jambo kwa Kiingereza, halafu akamgeukia bibi yake akasema kwa Kiswahili, kwa sauti: Koko, nimewaambia unataka kuwaona uso.

Wakavua maski. Mmoja hana meno ya mbele. Mwingine mafua yanamchuruzika.

Mama alitoka chini ya meza polepole, ameshika ukuta. Akawatazama mmoja mmoja. Kisha akauliza wamekula nini, maana huwezi kuacha mtoto wa watu amesimama mlangoni mikono mitupu. Pipi hatuna. Akaleta mandazi, akayatoa kwa mikono miwili. Wazazi wao pale njiani walishukuru sana. Najua watayatupa, chakula cha wasiomjua hawawapi watoto. Sijali.

Wakaja wengine, na wengine. Kila mmoja anavua kwanza. Akaja mrefu kama mtu mzima, amefunikwa nyeusi mpaka miguuni. Nikamsikia mama anavuta pumzi, vidole vyake vikanibana mkono, vimeacha alama. Hakurudi nyuma. Akaonyesha uso wake kwa kidole, kisha wa yule. Alikuwa kijana wa jirani mwenye makaburi, na waya kwenye meno. Mama akampa mandazi mawili na ule unga na sukari. Pole kwa msiba, akamwambia. Anitha hakutafsiri.

Jumapili, 1 Novemba
Kanisani tumeenda mikono mitupu. Nimesema mandazi yaliungua.

Mchana nilisikia majani yanakwaruzwa nje, moyo ukaniruka. Kuchungulia, ni mama na reki. Mbele ya mlango peupe. Nimempelekea chai, tumekunywa tumesimama.

Jioni kengele ikalia. Sikujua kama imerudishwa betri. Mimi ndiye niliyeruka. Mama alikuwa ameshafika mlangoni, anamwambia mtu avue kofia kwanza, amwone uso. Alikuwa mwanawe, Baba Anitha, kasahau funguo.