Yai la Mwalimu wa Klarineti

Shikamoo Bibi,

Nimefika Mkonze salama, ila vidole ulivyonirithisha vinaniaibisha mbele ya bendi nzima ya kanisa. Upepo wa Dodoma unakausha midomo na vumbi linaingia mpaka kwenye chai, hayo nimeyavumilia. Kinachonishinda ni huyu mwalimu wa klarineti. Anataka tukunje vidole kama tumeshika yai. Vyangu, kama vyako, nikivibonyeza vinapinda kwa nyuma, matundu hayazibiki, na klarineti inalia kama mbuzi anayepelekwa mnadani.

"Kunja!"

"Nimekunja, Mwalimu."

"Hujakunja!"

Leo kaniletea yai la kuchemsha, nilishike asubuhi nzima ili mkono uzoee. Wenzangu walipokwenda kunywa chai, nikalila lote kwa hasira.

Ndipo nikakumbuka unavyonifokea tukisuka mikeka: "Ukili haukabwi, mtoto wewe!" Nikachana upindo wa kanga, nikaitundika klarineti shingoni ili kidole gumba kisibebe uzito. Vidole nikavilaza tu juu ya matundu, bila kukandamiza. Bibi, sauti ilitoka safi mpaka mwenyewe nikashtuka.

Mwalimu akaja mbio, kikombe mkononi. "Si nilikuambia? Umeona kazi ya yai?"

Nikamwitikia, "Nimeona, Mwalimu," huku maganda ya yai yamo mfukoni mwangu.

Mungu akutunzie mikono hiyo. Na unisamehe, kanga niliyoichana ni ile yako.

Mjukuu wako,
Rehema