Baruti Uliyoiacha Ndani ya Gobori

Baba yangu,

Mikono yangu inanuka mayai viza na Mama hajanifukuza jikoni. Kwa hilo tu utajua leo kumetokea jambo.

Nimelipiga gobori lako. Mie, mwanao Zuwena, ambaye hukunipa ruhusa zaidi ya kumimina maji ya moto na kusugua mtutu. Usikasirike kwanza, nisikilize.

Tangu tukuzike lilikuwa palepale ukutani, hakuna aliyethubutu kuligusa. Wiki iliyopita nikaona limejaa vumbi, nikalishusha. Nikatia mdeki, ule ufito wa kushindilia, kwenye mdomo wa mtutu, kama ulivyonifundisha. Ukiwa mtupu, mdeki huzama mpaka ile alama nyekundu niliyoipaka kwa rangi ya kucha. Haukufika. Ukabaki vidole vinne juu. Loh! Baba, uliondoka umeacha limeshindiliwa? Weye uliyekuwa ukitugombeza kila siku kwamba gobori halirudi nyumbani na kitu tumboni?

Nikamwuliza Mutua, yule dereva Mkenya wa jumba la matajiri mtaani Al-Hamra, uliyekuwa ukimchukua Ijumaa kwenda Taifu, kwa wazee wenzako wa ngoma ya kuruka na bunduki. Akashika kichwa. "Dada, siku ile fataki ya kuwashia ililia, baruti ikakataa. Mzee akanuna njia nzima. Akasema ataitoa kesho." Kesho yenyewe ndiyo hukuamka.

Kaka Salim akapiga simu kutoka Suwaidi, Riyadh: mimina maji, halas, yaishe, wanangu wanakuja likizo. Kweli, baruti ikilowa imekufa, na watoto wa Salim wanapanda hata mapazia. Nikachukua birika. Nikasimama nalo pale, nikashindwa. Ile ilikuwa kazi ya mwisho ya mikono yako, Baba. Uliipima na kuishindilia ukiwa mzima, ukitaka ivume. Ningeizamishaje? Na nusu yangu, nakwambia kweli, ilitaka ibaki humo milele, nawe ubaki humo. Nililia na birika mkononi kama mwehu.

Basi nikamwambia Salim aje yeye, twende Taifu. Akaja, kanuna, kakurithi hilo. Mutua akatuendesha. Rafiki yako Abu Saad akachokoa kile kitundu cha moto kwa sindano. Kumbe ni masizi tu ndiyo yaliyokutia aibu. Akavisha fataki mpya, akampa Salim. Salim akarudi nyuma, eti bega linamwuma! Nikalichukua mie. Kuruka sikuruka, usinicheke. Weye mwenyewe na goti lako ulikuwa ukiruka kama aliyekanyaga kaa la moto. Nikaelekeza mtutu ardhini, mbali na watu, nikavuta.

Lilivuma, Baba! Lilivuma mpaka mlimani kukajibu, na wazee wakaliita jina lako kwa sauti moja. Moshi mweupe ukatufunika mie na Salim. Tukashikana humohumo ndani, tukalia, hakuna aliyetuona.

Moshi ulipopungua Mutua akaokota kitambaa kilichoungua pembeni, kile ulichozibia baruti. Kina maua ya manjano. Nikamletea Mama, ambaye bado yumo edani na hajacheka tangu uende. Akakigeuza, akakitazama. "Kanga yangu! Mwizi mkubwa huyu! Na akanisaidia kuitafuta!" Akacheka mpaka akakaa chini, huku machozi yanamtoka. Kisha akakifunga kwenye pembe ya mtandio wake na wala hataki nikifue.

Ndiyo maana leo ananiacha ninuke jikoni kwake. Nimeosha mtutu kwa maji ya moto mara mbili, masizi ya baruti yananuka hivyo, nimeupaka mafuta. Salim alitaka alichukue gobori, nikamwambia mafi, hakuna, labda bega lipone kwanza. Nitakuwa nakwenda nalo Taifu kila Mutua anapopata Ijumaa, Mungu akipenda. Na siku fataki ikilia baruti ikakataa, sitanuna. Nitaitoa palepale kabla sijapanda gari. Hiyo ndiyo ahadi yangu kwako.

Nikimaliza hapa nalirudisha ukutani. Mdeki nimeshautia. Umezama wote, mpaka alama nyekundu.

Pumzika, Baba. Halina kitu tena.

Mwanao,
Zuwena