Skrini Yenye Kona Iliyobonyea

Jumatatu, 3 Machi

Kidoti mke wangu,

Skrini mpya za kuendeshea mitambo zimefika kiwandani. Maboksi yameziba mlango, hata toroli langu la kreti halikupita. Fundi umeme alifungua moja, akaiwasha, akaimwagia ndoo nzima ya maji mbele yetu. Kisha akaipiga ngumi. Inawaka tu! "Hii hata ukiipiga teke inakutazama," akasema. Unaigusa na glavu zako na inatii. Tena kioo chake kina joto, mvuke wa maziwa haukai. Watu wakapiga makofi.

Mimi nilikwenda kuchungulia ile ya zamani, ya chumba cha kuchemshia maziwa. Yako. Vitufe pembeni, kioo kimejaa mikwaruzo, kona ya chini imebonyea. Kona hiyo ni mimi! Siku ya kwanza kukuona niliigonga na toroli, macho yote kwenye hicho kidoti cha kidevuni. Ukasema, "Kaka, mlango uko huku." Skrini haikutetereka. Na leo bado inawaka, wewe hupo tena duniani.

Wiki ijayo inang'olewa.

Jumanne, 4 Machi

Nilimwomba msimamizi anipe ya zamani. Akacheka. "Wewe ni wa pili leo. Ngongoti ameshaiomba."

Ngongoti! Yule wa miguu mirefu aliyekuwa akikupokea zamu. Anaitaka ya nini? "Kasema ya kumbukumbu," msimamizi akajibu. Kumbukumbu ya nani? Roho iliniuma mpaka nikapanga kreti kichwa chini.

Msimamizi hataki maneno. Tuelewane wenyewe kabla ya Jumatatu, la sivyo inakwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu.

Alhamisi, 6 Machi

Kheri nisingeuliza.

Nilimuuliza mama wa maabara kwa nini Ngongoti ang'ang'anie chuma kile. Akanishangaa. "Kwani hukujua? Si kwa sababu ya ile michoro!"

Michoro gani? Ndipo akanieleza. Ukimaliza zamu uliimwagia skrini maji ya baridi, mvuke ukatanda kwenye kioo, nawe ukachora uso kwa kidole. Mitambo ikiwa shwari, uso unacheka. Pampu ikisumbua, uso umenuna. Ngongoti akiingia anautazama kwanza, ndipo avae glavu. Eti alikuwa akicheka peke yake kama mwehu.

Kila siku! Na mimi? Dirisha la jikoni kwetu lilijaa mvuke kila jioni, hukunichorea hata mstari. Ulirudi umechoka, ukavua viatu, ukasema, "Nipishe kidogo baba, nipumue." Nikakupisha. Kumbe kidole kilishafanya kazi yake kwa mwingine.

Nimechemsha maji sasa hivi. Nimesimama mbele ya dirisha, nimeinua kidole. Sikujua nichore nini. Nikafuta kwa kiganja.

Ijumaa, 7 Machi

Tumekutana chumba cha kubadilishia nguo, kila mtu na buti lake mkononi.

"Shemeji," akaanza, "tangu juzi unanipita kama nguzo."

"Nguzo si ndiyo wewe."

Akacheka. Mimi sikucheka. Nikamwambia wazi: skrini ile ni ya mke wangu, na kona ile niliibonyeza mimi. Akaniambia vya mke wangu viko nyumbani, hii ni ya kiwanda, na zamu aliipokea yeye.

"Alikuwa akikuchorea," nikasema. Sauti ilinitoka ya ajabu, kama ya mtoto aliyenyimwa.

Akaweka buti chini. Akanitazama — masikio, siyo macho.

"Alinichorea? Shemeji, alikuwa akikuchora *wewe*."

Nikajishika sikio.

"Uso wowote, anaanzia masikio. Masikio kama hayo nani mwingine anayo humu? Siku pampu imegoma, anakuchora umenuna, shavu limevimba. Ananiambia, 'Leo iko kama baba wa nyumbani akikosa chai, iendee polepole.' Mimi nilikujua sura kabla hujanisalimia."

Nilivaa buti la kushoto mguu wa kulia.

Jumapili, 9 Machi

Nimejitazama kwenye kioo. Masikio makubwa kweli. Hukuwahi kuyasema, uliyavuta tu nikichelewa kuamka.

Nilidhani wivu ungeisha. Umegeuka tu. Uso ni wangu, lakini anaujua yeye! Ameona jinsi ulivyoniona, siku baada ya siku, mpaka uso ukatiririka na maji. Mimi niliyelala kitanda kimoja nawe sijauona hata mara moja.

Tena siku zipi nyingi, za kununa au za kucheka? Pampu ile ilikuwa korofi. Sikuthubutu kumuuliza.

Jumatatu, 10 Machi

Naandika nimekaa kwenye kreti, mlangoni pa chumba cha kuchemshia. Fundi umeme yuko tayari na bisibisi. Ngongoti kamwomba atupishe kidogo. "Kwa chuma hicho?" fundi akauliza. Ngongoti akamjibu, "Wewe kanywe chai, kaka."

Ya skrini nani ataichukua hatujaongea. Ila asubuhi nilimwambia nataka kuuona ule uso. Basi, hayo tu. Akanishika bega. Kwenye ile mpya haiwezekani, akasema: haishiki mvuke, na kila ukigusa ni amri. Ukichora sikio utafungua bomba!

Nilicheka. Mara ya kwanza tangu uondoke, nadhani.

Sasa yumo ndani. Nimesikia maji ya baridi yakimwagwa. Matangi yanavuma, mvuke unapanda. Namwona kwa nyuma, ameinama na urefu wake wote, kidole kiko kwenye kioo. Sikio moja. La pili.

Kasimama. Hageuki.

"Shemeji," ananiita, "macho na mdomo, nimalizie uso upi? Alikuwa na ule wa kununa na ule wa —"

Sijamjibu. Mvuke unaanza kutiririka na fundi namsikia akirudi.

Kidoti, nikumbuke nikicheka.